Redio za AM za Arusha na Moshi: tarehe zipi za kuandika kwenye bango, na hizi redio tatu zitalia vipi?

mwalimu_sakina

Wakuu, habari za jioni. Shule moja hapa Arusha inaandaa maonyesho ya siku tatu, na meza moja imetengwa kwa historia ya redio za AM upande wa Arusha na Moshi. Mpaka sasa mezani kuna redio tatu na daftari.

Ya kwanza ni Philips ya transista, ya kubeba, inakula mawe makubwa sita. Ukiiwasha inakoroma tu, haikamati kitu kokote unakozungusha. Ndani kuna transista za kopo refu la bati zimeandikwa AF117. Ya pili ni ya boksi la mbao, haina waya wa umeme kabisa, valvu zake (zile taa za kioo za redio za kale) ni DK96, DF96, DAF96 na DL96. Ya tatu ni ya valvu pia, ila ya umeme. Waya wake umekatwa, na ndani zipo UCH42, UF41, UBC41, UL41 na UY41.

Daftari lina orodha ya stesheni kwa penseli, bila mwaka. Mistari mingine imeandikwa kwa mita, mfano "457 m", mingine kwa kilosaiko, mfano "1034 kc/s".

Maswali:
1. Bango limeandikwa "TBC Arusha ilianza 1951". Ni sawa?
2. Redio ipi inaweza kuwashwa mbele ya wanafunzi bila kuleta balaa?
3. Kama mchana hakuna kitakachoshikika, tunaweza kuunda mtambo mdogo wa kurusha ili redio zipokee hapo hapo darasani?

---

masafa_457

Mwalimu, lishusheni hilo bango kabla halijapigwa picha. Maneno manne tu, na limechanganya jina, mahali na mwaka.

Kilichoanza 1951 ni Sauti ya Dar es Salaam, na kama jina lenyewe linavyosema, ilikuwa ya mjini Dar es Salaam na kando kando yake. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, ambalo vifupi vyake vya Kiingereza ni TBC. Mwaka 1965 shirika hilo likavunjwa, kazi ikahamia serikalini, jina likawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Miaka ya 2000 RTD na televisheni ya taifa zikawekwa chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, TUT. Mwaka 2007 ndipo likaja Shirika la Utangazaji Tanzania, na vifupi vikarudi kuwa TBC. Kwa hiyo kuna TBC mbili, na kati yake kuna zaidi ya miaka arobaini. Mtu akikuambia "nilisikia TBC nikiwa mdogo" muulize kwanza umri wake.

Kosa la pili ni "Arusha": inasomeka kama kituo, na neno "kituo" lina utata. Watu wanalitumia kwa vitu vitatu: studio ambako mtangazaji anakaa, mtambo unaorusha mawimbi, na frikwensi unayoikamata kwenye redio. Kwenye AM, Arusha ilikuwa na mtambo wa RTD wa masafa ya kati. Sauti ilitoka Dar es Salaam, mtambo wa Arusha ukairusha upya kwa watu wa kanda hii. Mtangazaji uliyemsikia hakuwa Arusha. Ukiandika "kituo cha Arusha" bila maelezo, mwanafunzi ataelewa kulikuwa na redio ya Arusha yenye vipindi vyake.

Kwa nini mtambo ulihitajika huku? Kwa mstari ulionyooka, Arusha hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 480, Moshi kama 440. Mchana mawimbi ya kati yanatambaa na ardhi, na ardhi inayanyonya, hasa ikiwa kavu. Umbali huo ni mrefu mno kwa usikivu wa kuaminika. Usiku tabaka la chini la anga linalonyonya mawimbi linatoweka, mawimbi yanapanda, yanagonga tabaka la juu na kurudi chini mbali. Ndiyo maana Dar es Salaam ilisikika huku usiku na mchana ikapotea. Nairobi ndiyo jirani yetu kwa AM: kilomita 230 hivi, kaskazini karibu kabisa ukiwa Arusha. Lakini umbali huo nao una kasoro yake. Usiku yanafika mawimbi mawili kwa pamoja, la ardhini na la angani, yanapishana, na sauti inapanda, inashuka na kukwaruza kama mtu anaongea ndani ya pipa. Waliosema "Nairobi mchana safi, usiku inalewa" hawakukosea.

Moshi ni habari nyingine, na kwa meza yenu ndiyo tamu zaidi. Pale palikuwa na studio ya Sauti ya Injili iliyotengeneza vipindi vya Kiswahili kwa ajili ya redio ya Shirikisho la Kilutheri Duniani iliyokuwa Addis Ababa, ETLF, iliyofunguliwa 1963. Vipindi vilirekodiwa Moshi kwenye kanda, kanda zikapelekwa Ethiopia, na mtambo wa kule ukavirusha kwa masafa mafupi vikasikika Afrika Mashariki. Yaani msikilizaji wa Kibosho, kando ya Moshi, alisikia sauti ya mtu wa Moshi iliyokwenda Addis Ababa ikarudi. Mwezi Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikaitaifisha redio ile. Studio ikabaki bila mdomo. Sauti ya Injili ya FM ya leo ni matunda ya zama nyingine, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuruhusu redio zisizo za serikali. Kwa hiyo usiiweke kwenye safu ya AM. Studio ilikuwepo Moshi, mtambo haukuwepo Moshi, na masafa yalikuwa mafupi.

Kuhusu daftari: 300,000 gawanya kwa mita unapata kHz. Mita 457 ni 656 na kitu, yaani 657. Sasa tumia ujanja huu. Mpango wa Geneva wa 1975, ulioanza kutumika tarehe 23 Novemba 1978, ulipanga stesheni za masafa ya kati za Afrika, Ulaya na Asia kwenye frikwensi zinazogawanyika kwa 9. Namba inagawanyika kwa 9 kama tarakimu zake zikijumlishwa zinagawanyika kwa 9. 657: 6+5+7 ni 18, inapita. 1034: 1+0+3+4 ni 8, haipiti. Mstari huo ama umeandikwa kabla ya tarehe ile, ama mwandishi alikisia kutoka kwenye sindano ya redio. Angalia lakini: namba inayopita haithibitishi kwamba ni ya baada ya 1978, maana ingeweza kuangukia hapo hata zamani. Ujanja huu unakuonyesha mstari wa kutilia shaka, basi. Na neno "kc/s" lenyewe ni dalili ya uzee, kwa sababu kHz ilienea miaka ya 60 na 70.

---

mwalimu_sakina

Asante sana mkuu. Je, picha ya mnara tukiipata, mtu asiyejua atatofautishaje mnara wa AM na hii ya FM iliyojaa vilimani?

---

masafa_457

Tazama miguuni na kwenye kamba. Mnara wa FM au wa simu ni ngazi tu, antena zimefungwa juu. Kwenye AM mnara wenyewe mzima ndio antena, kwa hiyo mara nyingi umesimama juu ya kikombe cha kauri usigusane na ardhi, na nyaya zinazoushikilia zimekatwa vipande vipande na kuunganishwa kwa vikombe vidogo vya kauri. Urefu nao unasema: robo ya wimbi ni 75,000 gawanya kwa kHz, unapata mita. Kwa 657 ni mita 114. Ndiyo sababu mitambo hii ilijengwa kwenye tambarare yenye nafasi kubwa, na chini yake kuna nyaya za shaba zimefukiwa zikitawanyika kama miale. FM inatafuta kilima, AM inatafuta uwanja wenye udongo wa unyevunyevu. Na nyaya hizo za shaba zikichimbwa na wauza chuma chakavu, mnara unabaki umesimama vizuri tu na usikivu unaporomoka. Wanafunzi wakienda kuuona mnara ulio hai, wasivuke uzio. Ukiushika huku umesimama ardhini unaungua hadi mfupani.

---

fundi_kiusa

Mwalimu shikamoo. Nianze na ile Philips, maana ugonjwa wake unajulikana kabla hata ya kufungua.

AF114 hadi AF117 zina kopo la bati, na ndani ya kopo zinaota nywele za bati, nyembamba kuliko unywele wa mtu. Nywele zikigusa kiungo cha ndani, transista inaunganika na kopo, na kopo limeunganishwa na chesisi (upande wa ardhi wa redio). Stesheni zinakufa, mkoromo unabaki. Zinaota hata redio ikiwa kabatini, kwa hiyo "haijatumika tangu enzi hizo" si sifa hapa.

Kabla ya kukata chochote hakikisha upande wa sauti ni mzima. Washa, panda volyumu, gusa mguu wa kati wa volyumu kwa ncha ya bisibisi ukiwa umeshika chuma chake. Spika ikinguruma au kukwatuka, nusu ya nyuma iko salama. (Hii ni kwa redio ya mawe tu. Usije ukaifanya kwenye ile ya tatu, ya umeme, yenye valvu za herufi U.)

Halafu jaribu kama ya mbele inatoa mlio wake wa ndani. Weka redio nyingine nzima ya AM kando, karibu kugusana. Ile mbovu iweke kwenye 600 kHz. Redio yoyote ya aina hii inatengeneza mlio wenye frikwensi iliyozidi ya stesheni kwa kiasi maalum: Philips nyingi za zama hizo ni kHz 452 au 468, za Kijapani 455. Kwa hiyo kwenye redio nzima tafuta taratibu karibu na 1052 (600 jumlisha 452) au 1068 (600 jumlisha 468). Mkoromo ukikatika ghafla sehemu moja, na sehemu hiyo ikihama ukizungusha ile mbovu, basi transista ya kwanza inafanya kazi na mgonjwa ni mojawapo ya zinazofuata. Usiposikia badiliko lolote, anza na ya kwanza.

AF117 ina miguu minne mstari mmoja: emita, besi, ngao, kisha nafasi kubwa kidogo, kisha kolekta. Mguu wa ngao ndio umeshikana na kopo. Hakikisha kwa mita ya kupimia umeme, kopo na mguu huo zisome sifuri. Zima redio, ukate mguu huo mmoja kwa koleo ndogo, uache urefu wa kuweza kuulehemu tena. Washa. Mara nyingi redio inarudi hapo hapo. Isiporudi, pima kati ya kopo na kila mmoja wa ile mitatu. Ikisoma wazi kote, nenda kwenye AF117 inayofuata. Ikisoma miguu miwili imegusa kopo, kukata ngao hakutasaidia, badilisha kwa AF127. Kuna wanaoipiga umeme wa kapasita ili kuunguza nywele. Inafanya kazi, lakini zinaota tena, na siku zitakayochagua ni ya mgeni rasmi.

Kapasita za maji (electrolytic) za upande wa sauti badilisha zote bila kupima. Ni chache: ile kubwa ya kati ya chanya na hasi ya mawe, mara nyingi 100 µF, na ndogo za 10 µF hivi. Weka za volti 16 au 25. Ya kale ikikauka, sauti inakuwa nzito na redio inalia kama boti ukipandisha volyumu, hasa mawe yakichoka.

Kikasha cha mawe: mawe ya kawaida ya zinki yakivuja, uchafu wake una asidi, kwa hiyo unauoshea magadi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu kikombe cha maji, mswaki wa zamani, kisha futa kwa maji safi na kausha. Mawe ya alkalini yakivuja ni kinyume, tumia siki au ndimu. Ukikosea dawa hutaharibu kitu, ila utasugua mpaka jioni. Chemchemi iliyoliwa hadi nyeusi usihangaike nayo, badilisha.

Mwisho wa hii: mawe sita ni volti 9, lakini usikimbilie adapta. Redio nyingi za kizazi hicho chanya ndiyo iko kwenye chesisi. Ukichomeka adapta ya kisasa kwa mazoea ya "hasi ni bodi" unaua transista zote za sauti kwa sekunde moja. Fuata alama za kikasha, si mazoea.

---

valvu_na_risasi

Fundi kamaliza ya kwanza. Mimi nazishika hizi mbili za valvu, na naanza na ile ya hatari.

Herufi ya kwanza ya valvu inakuambia kila kitu. E ni filamenti (kinyuzi kinachopashwa moto ndani ya valvu) ya volti 6.3, kwa kawaida redio ina transfoma. D ni ya mawe, volti 1.4. U ni filamenti zilizofungwa mfululizo kama taa za Krismasi, mA 100, moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, bila transfoma ya kutenganisha. Jumlisha yako: UCH42 ni volti 14, UF41 12.6, UBC41 14, UL41 45, UY41 31. Jumla ni 116.6. Umeme ni 230, kwa hiyo volti 113 zilizobaki zinamezwa na rezista kubwa, na hiyo peke yake inatoa joto la wati 11. Boksi likiwa na vumbi la miaka, unajua kinachofuata.

Baya zaidi ni kwamba chesisi yake ni waya mmoja wa umeme. Plagi ikiingia upande huu chesisi ni nyutro, ikigeuzwa ni moto, yaani waya wenye umeme. Na hata redio ikizimwa, kama swichi inakata nyutro, chesisi inapata moto kupitia filamenti. Bakelaiti na zile nobu za plastiki ndizo kinga pekee. Nobu ikitoka, kile kijiti cha chuma ndicho kinaua mtoto. Kwa maonyesho: waya uliokatwa uache umekatwa, uutoe kabisa ndani, na uweke kibao "haiunganishwi na umeme". Hata ukipata transfoma ya kutenganisha ya 230 kwa 230, hiyo ni kazi ya karakana, si ya meza ya darasani.

Ile ya mbao ya D ndiyo nyota yenu. Hii ndiyo redio ya sehemu zisizokuwa na umeme miaka ya 50. Ukitaka kitu cha kulinganisha kwenye bango, ile "redio ya sufuria" ya 1949 iliyoundwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, nayo ilikuwa ya valvu nne na betri kavu, boksi lake likiwa umbo la sufuria ya alumini.

Inahitaji umeme wa aina mbili. A ni volti 1.5 kwa filamenti. DK96, DF96 na DAF96 kila moja ni mA 25, DL96 ni 50, jumla 125. Jiwe moja kubwa linatosha siku tatu bila jasho. B ni volti 90, na betri yake ya asili haiuzwi tena. Chukua betri kumi za volti 9 zile za mraba, zinachomekana zenyewe chanya kwa hasi, unapata 90. Redio itakula kama mA 10, kwa hiyo nazo zitafika mwisho wa maonyesho ukizima wakati hakuna mgeni.

Anachokosea kila mtu ni kuchanganya A na B. B ikipita kwenye filamenti, valvu zote nne zinakatika pamoja, hata hutaona cheche. Kwa hiyo:

Kwanza fuata nyaya kwa mita mpaka kwenye soketi ya valvu. Kwa DK96, DF96 na DAF96 filamenti ni mguu wa 1 na wa 7. DL96 ina filamenti mbili zinazokutana mguu wa 5, ndiyo maana inakula mara mbili. Waya zinazofika huko ndizo A. Zifunge utepe mwekundu.

Pili, chomoa valvu zote, unganisha A, pima soketi zote, uone 1.5 na si zaidi. Unganisha B, rudia kupima kwenye miguu ya filamenti. Bado 1.5? Vizuri.

Tatu, kata B, rudisha valvu, na kwa jaribio la kwanza pitisha B kwenye rezista ya 4.7 kΩ ya wati 2. Hata kama kuna mahali pamegusana, haipiti zaidi ya mA 19. Redio italia kwa unyonge, usishangae. Ikitulia, toa rezista.

Nne, kabla ya yote hayo kwa kweli, badilisha kapasita ya karatasi iliyo kati ya DAF96 na DL96, 0.01 µF, weka mpya ya volti 400. Ya zamani inavuja, inaitia DL96 chanya kwenye gridi, sauti inakoroma na betri zako kumi zinaisha siku ya kwanza mchana. Hata redio ikilia vizuri, ibadilishe.

Na usiseme valvu zimekufa kwa kuwa haziwaki. Filamenti za D zinatoa wekundu hafifu mno, unaonekana gizani tu ukiziba mwanga kwa mkono.

---

masafa_457

Swali la 3: hapana, msiunde mtambo. Kurusha, hata kwa nguvu ndogo, ni jambo la leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mitambo ya kienyeji ya AM ina tabia ya kutoa mawimbi kwenye frikwensi nyingine ambazo mtengenezaji hajui zipo. Kuna njia mbili bora.

Ya kwanza ni kupokea kwa kweli. Tengeneza antena ya fremu: msalaba wa mbao, fremu ya mraba yenye pande za sentimita 60, zungusha waya mwembamba wa kawaida mizunguko 11, ukiacha nusu sentimita hivi kati ya mzunguko na mzunguko. Nunua mita 30. Ncha mbili zinaingia kwenye kondensa ya kutafutia stesheni ya 365 pF, ya redio kongwe iliyokufa. Ukipata ile ndogo ya plastiki ya redio ya mfukoni, unganisha pande zake mbili pamoja upate kama 200, na ukitaka stesheni za chini ongeza kapasita ya 150 pF sambamba. Haiungwi na redio kwa waya wowote. Weka redio karibu nayo, zungusha kondensa mpaka sauti iruke juu. Fremu isipofika chini ya bendi, ongeza mzunguko mmoja.

Mwelekeo ni muhimu. Fimbo nyeusi ya feraiti ndani ya redio inapokea ubavuni, haipokei kwenye ncha. Nairobi iko kaskazini, kwa hiyo fimbo ilale mashariki kwa magharibi. Dar es Salaam iko kusini mashariki, fimbo ielekee kaskazini mashariki kwa kusini magharibi. Fremu ya waya ni kinyume: ukingo wake ndio uelekee stesheni. Kisha zimeni taa za LED, chaja za simu na inveta ya sola kwenye chumba hicho. Chaja moja ya bei rahisi inafunika bendi nzima kwa mvumo, halafu redio ndiyo inalaumiwa. Muda mzuri ni kuanzia saa 12 na nusu jioni, jua likizama. Saa sita mchana msitegemee makubwa.

Ya pili ni ya mchana, kupitisha sauti ya simu ndani ya redio. Hiyo fundi aeleze.

---

fundi_kiusa

Ni rahisi kwenye Philips. Waya wa spika za masikioni una kushoto, kulia na ardhi. Kushoto weka rezista ya 1 kΩ, kulia nyingine ya 1 kΩ, ncha zao ziungane. Kutoka hapo pitisha kapasita ya 1 µF isiyo na chanya na hasi, iende kwenye mguu wa volyumu unaopokea sauti kutoka kwenye dayodi. Ardhi ya simu iende kwenye mguu wa volyumu wa upande wa pili, ule wa chesisi. Sauti ya simu iwe nusu, redio iwe mahali pasipo na stesheni. Simu isiwe kwenye chaja, maana mvumo wa chaja utaingia pamoja na wimbo. Tumieni rekodi yenu wenyewe, mfano mwanafunzi akisoma taarifa ya habari kwa sauti ile ya zamani, na ngoma kabla yake.

Ya mbao ya D nayo inakubali njia hiyo hiyo, mradi kapasita iwe ya volti 400. Ya U usithubutu. Simu itageuka kuwa sehemu ya umeme wa ukutani.

---

mwalimu_sakina

Wakuu nimewaelewa. Bango jipya litakuwa na safu tatu: studio, mtambo, masafa. La mwisho: ile redio ya U kioo chake cha stesheni kina vumbi na ukungu kwa ndani, majina ya miji hayasomeki. Kuna spiriti hapa na kitambaa, nifute?

---

valvu_na_risasi

Weka chini hicho kitambaa! Maandishi yamechapwa upande wa ndani wa kioo, huo huo wenye ukungu, na rangi ile inaondoka kwa spiriti, wakati mwingine hata kwa maji. Utafuta Nairobi, London na Dar es Salaam kwa mpigo mmoja, na kioo kingine hutakipata.

Toa kioo, kilaze maandishi juu. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu ya rangi, bila kukandamiza. Upande wa mbele, usio na maandishi, futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo sana. Ukungu uliobaki kati ya herufi uguse kwa pamba ya kijiti yenye unyevu tu, uanzie kwenye kona isiyo na jina la mji, na ukiona pamba imebeba rangi, ishia hapo na ukiache kama kilivyo.